Simu ya Kitochi na Safari ya Ujumbe

Katika nyumba nyingi za mijini ile simu ndogo ya vitufe haijastaafu. Ni simu ya bibi, au ya mlinzi wa usiku, au ile inayolala kabatini ikingojea siku simu kubwa itakapoishiwa chaji. Na palipo na simu ya namna hiyo hakosekani mjuaji wa mtaa adaiye kuwa zipo tarakimu za siri ambazo ukizibonyeza utajua ujumbe wako umesomwa au haukusomwa, na hata mkeo au mumeo anaandikiana na nani. Ndoa zimeingia doa kwa maneno hayo. Yafaa tuyachambue, kwani ndani yake mna kweli na mna uzushi.

Kweli yenyewe ni kwamba mafundi walioziunda simu hizo waliziwekea kurasa za ukaguzi ambazo mnunuzi hakukusudiwa kuziona. Chukua Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000. Ukibonyeza *#06# itakuonyesha tarakimu 15 za utambulisho wake. Tarakimu hizo zimo katika kila simu, si Nokia peke yake, na ndizo wananchi wa Tanzania walizotakiwa kuzihakiki kabla ya simu bandia kuzimwa mwezi Juni, 2016. Ukibonyeza *#92702689#, utaona namba ya utambulisho wa simu, mwezi na mwaka ilipoundwa, na jumla ya saa ilizokwisha kutumika kwa mazungumzo. Tarakimu hizo hazikuokotwa ovyo: zitazame herufi zilizo juu ya vitufe, utaona zinaandika neno la Kiingereza lenye maana ya dhamana, ila herufi moja imefanywa sifuri. Anunuaye simu kuukuu akiambiwa kuwa haijatumika sana, hapo ndipo pa kumpima muuzaji.

Ipo orodha nyingine iliyofichwa zaidi, iitwayo Net Monitor. Hii haikufunguliwa kwa tarakimu. Fundi alihitaji waya maalumu na kompyuta. Ikifunguka huonyesha nguvu ya mawimbi, mnara unaoihudumia simu, na hali ya betri. Ukurasa wa 65 huhesabu majaribio ya ujumbe, na ule wa 66 huhesabu ujumbe uliopitwa na muda. Pengine uvumi wetu ulianzia hapo. Lakini kinachohesabiwa ni majaribio ya simu ile ile iliyo mkononi. Hamna jina la mtu, wala neno moja la yaliyoandikwa, wala habari yoyote ya simu ya mwenzio. Ni daftari la fundi anayetaka kujua kama mtambo una hitilafu.

Kwa hiyo anayekutaka umwachie simu ya mwenzio “aifungue” hana ufunguo wa ajabu. Atakachopata ni kile ambacho yeyote aliyeishika simu hiyo angekiona, pamoja na taarifa za fedha zenu.

Habari ya ujumbe kufika au kutofika haikufichwa hata kidogo. Imo katika mipangilio ya kawaida ya ujumbe, mahali pa kuomba taarifa ya kupokewa. Meseji haiendi moja kwa moja kutoka simu hadi simu. Hupokelewa kwanza na kituo cha kampuni ya simu, ikahifadhiwa humo hadi simu ya pili ipatikane. Ikiwa imezimwa, meseji hungoja. Muda wake ukiisha kabla simu haijawashwa, hutupwa. Ikipokewa, kituo humrudishia mtumaji taarifa.

Ila taarifa hiyo husema kwamba simu imepokea. Haisemi kwamba mtu amesoma. Baba aliye safarini Mwanza huona “imefika”, akakaa saa tatu bila jibu, akaanza kujenga hoja moyoni mwake, kumbe simu iko chini ya mto na mama yuko sokoni. Nimesikia ugomvi wa namna hiyo ukifikishwa hadi kwa wazee, na hapana tarakimu yoyote ambayo ingeumaliza. Kupiga simu mara ya pili kungetosha.

Na yako matatizo ya kweli ambayo watu huyadhania kuwa ni hila. Katika Nokia za zamani, ukiona ile bahasha ndogo juu ya kioo inawaka na kuzimika, maana yake nafasi ya meseji imejaa. Simu haitapokea nyingine. Mtumaji atasema ametuma habari ya ada ya shule, wewe utaapa hujaiona, na nyote wawili mtakuwa mnasema kweli. Futa meseji kumi za zamani, uiache simu ikiwa imewashwa. Zile zilizokuwa zikingoja kituoni, kama muda wake haujapita, zitaanza kuingia.