Msalato nimetoka, msalani nimekosa

Ndugu Mhariri,

Nikitumia maneno makali unisamehe, nimerudi jana usiku, miguu bado imevimba na hasira haijashuka.

Mimi ni mjane, naishi Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma ukishika barabara ya Arusha. Jana alfajiri nilipanda treni ya umeme kwenda Dar es Salaam pamoja na mjukuu wangu wa miaka mitano. Huko nina faili la mafao ya marehemu mume wangu katika ofisi moja ya umma, na mtoto nilikuwa nimemwahidi siku nyingi kwamba nitamwonyesha bahari. Treni sina neno nayo. Nauli ya mtu mzima ni 31,000, na inakufikisha Dar wakati basi lililoondoka nalo bado linaitafuta Morogoro. Ndani yake kuna choo, na chooni kuna maji. Zamani kwenye basi tulikuwa tunachimba dawa porini, konda anapiga kelele dakika tano, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Ilikuwa aibu, lakini angalau pori lilikuwa na utaratibu wake. Mjini hata huo sikuukuta.

Pale ofisini tulikaa kwenye benchi tangu saa nne. Mlango wa choo cha wateja umebandikwa karatasi: MATENGENEZO. Karatasi yenyewe imeshageuka rangi ya chai, na kufuli lina utando wa buibui. Nikamuuliza binti wa mapokezi wao wenyewe wanakwenda wapi. Akasema kipo cha wafanyakazi, ufunguo anao mtu fulani, na mtu fulani ametoka. Saa saba tukaambiwa mtandao uko chini, nirudi mwezi ujao.

Tukashuka kwa miguu hadi upande wa Feri ili mtoto aone maji. Hapo nilifanya kosa, nalikubali: nilinunua madafu mawili. Jua la Dar si la Dodoma, linakubana pumzi, na mtoto alikuwa hajawahi kuonja dafu. Akanywa lote huku anahesabu magari yanayoingia kwenye pantoni. Robo saa haikupita. "Bibi, mkojo."

Nikamuuliza kijana anayeuza miwani. Akaninyooshea ukuta. Ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu USIKOJOE HAPA, FAINI 50,000, na chini ya maandishi hayo wanaume watatu wamejipanga wametupa mgongo, mmoja anaongea na simu. Mtoto nilimsaidia kwa chupa tupu ya maji, nikamkinga kwa khanga. Sasa mimi bibi yake, mwanamke wa miaka karibu sitini mwenye sukari, chupa yangu iko wapi?

Nilitembea, Mhariri. Nilitembea nikiwa nimebana magoti kama mtu anayecheza ngoma asiyoijua. Mwishowe nikaonyeshwa choo cha kulipia, ndogo 200, kubwa 300. Mlangoni kijana amekaa na sahani ya sarafu, akaniuliza kwa sauti ya kupiga mnada, mbele ya foleni ya wanaume: "Mama, ndogo au kubwa?" Nikajibu. Nikatoa noti ya elfu kumi. Hana chenji. Nilipe kwa simu. Simu yangu ilikuwa imezima tangu Pugu. Nikamwambia mwanangu, niache niingie, nikitoka nitatafuta chenji. Akasema wengi wanasema hivyo.

Ndipo nikaenda kwenye jengo moja refu la vioo. Mbele yangu waliingia wazungu wawili wamevaa kaptura, mchanga mpaka magotini. Mlinzi akawafungulia mlango akawapa na "karibuni". Mimi nilikuwa nimevaa kitenge na khanga mbili, mtoto mkononi, mfuko wa karanga begani. Hata sijafungua mdomo akaninyooshea kiganja: "Mama, hapa hatutoi hela. Nenda kule kwenye taa."

Kwenye taa, wanakokaa ombaomba. Alisikia lafudhi yangu nilipomwambia natafuta choo tu, akacheka: "Mgogo wa wapi?" Msalato. "Unatoka Msalato unatafuta msala?" Akamwita mwenzake aje kusikia.

Nimekuwa nikisikia mzaha huu wa Wagogo na kuomba tangu nikiwa msichana, na kwa kawaida huwa nacheka na mimi. Jana sikucheka. Ninalima zabibu na karanga, nimesomesha watoto wanne, na sijawahi kumnyooshea mtu mkono. Jana niliunyoosha kuomba choo.

Aliyenisitiri ni mama mmoja aliyekuwa akifagia ua wa msikiti. Aliniona tu nilivyosimama akaelewa. Mimi ni Mwanglikana, nikamwambia, nisije nikakosea. Akasema, "Dada, haja haina dini, ingia, viatu acha pale." Upande wa wanawake kulikuwa safi, maji yanatiririka, kopo jipya la kijani. Hakutaka hata shilingi. Nilimwachia karanga.

Sasa naomba niulize. Kwetu kijijini bwana afya anapita nyumba kwa nyumba na daftari. Usipokuwa na choo bora unaandikwa, na usipojirekebisha unapigwa faini. Mwaka 2017 ilikuja kampeni ya kutuambia tusichukulie poa, nyumba ni choo, na tuliitikia. Sitanii, mimi mwenyewe nilivunja cha zamani nikajenga cha sakafu ya saruji, na fedha ya karanga za msimu mzima ikaishia humo. Basi huyo bwana afya wa jiji, daftari lake analipeleka wapi? Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5 Dar es Salaam. Hao ni wenyeji, wenye nyumba za kurudi. Sisi tunaoingia asubuhi na kutoka jioni hatuhesabiwi, lakini vibofu tunavyo.

Nikiwa na miaka saba, mwaka 1973, redio ilikuwa inatangaza Mtu ni Afya. Wazee walikaa chini ya mbuyu wakasikiliza, wakajadiliana, halafu wakachimba. Marehemu baba yangu alichimba shimo letu akalimaliza kabla ya mvua. Mwaka huohuo TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Choo cha baba kilishajaa, kikafukiwa, kikachimbwa kingine na kingine tena, ndipo wakubwa walipoanza kuhama kweli mwaka 2016.

Na hapo, Mhariri, nina jambo lingine. Kama mmehamia kwetu, faili la mume wangu linafanya nini Dar? Bei za viwanja vyetu zimepanda, misafara inatusimamisha barabarani, kila siku tunaambiwa serikali iko Dodoma. Mimi niko Dodoma. Nikitaka huduma nalipa 31,000 kwenda na 31,000 kurudi, mtoto kwa nauli yake, kwenda kuambiwa mtandao uko chini. Mtandao huo hauwezi kuwa chini hapahapa Dodoma, nikaufuata kwa daladala?

Waheshimiwa hawawezi kulijua hili. Mheshimiwa hajawahi kubanwa. Anashuka kwenye gari lenye kiyoyozi, anaingia hotelini, anafungua semina. Tarehe 19 Novemba, Siku ya Choo Duniani, watavaa fulana na kofia na kutoa hotuba ndani ya ukumbi wenye vyoo vya wageni. Vyoo vya shule huwa wanavizindua, hilo siwanyimi, matundu sita kwa ngoma na utepe. Lakini choo cha mpita njia hakina mpiga kura wake, maana mpita njia anapigia kura kwao. AFCON ya 2027 tutaiandaa pamoja na Kenya na Uganda. Sijui hao mashabiki nao wataonyeshwa ukuta, au wao watafunguliwa mlango wa vioo.

Na sisi tusijifanye watakatifu. Hapa Msalato kunajengwa uwanja wa ndege wa kimataifa. Siku ya mnada watu wanatoka mjini kuja kula nyama choma, wanakunywa, halafu wanauliza. Sisi nasi tunawanyooshea kidole kuelekea vichakani, na vichaka vyenyewe vinaisha, vinapimwa viwanja.

Mjukuu wangu leo asubuhi amewasimulia wenzake safari. Nilidhani atasema bahari. Kasema kuna nyumba ukiingia unavua viatu, ukifungua bomba maji yanatoka mengi, na bibi alilia.

Mwezi ujao narudi kwenye faili langu. Mtoto nitamwacha. Daktari wa sukari ameniambia ninywe maji mengi, lakini siku hiyo, tangu jioni ya kuamkia safari, sitakunywa hata tone.

Bibi wa Msalato,
Dodoma