Seva Yenye Anwani Nyingi Ijitambulishe kwa Ipi?

Njia mbili zilimshinda fisi, walinena wahenga. Mwaka jana, makala ambazo kikundi chetu cha wanafunzi kilimpelekea mhariri mmoja wa ng'ambo kwa barua pepe zilikataliwa mara tatu. Hazikuwa na kosa la sarufi wala la maudhui. Seva iliyozituma ilikuwa na anwani mbili za intaneti, nayo ilitumia ile isiyokuwamo katika orodha ya anwani zilizoidhinishwa kutuma barua kwa jina la kikoa chetu. Tukadhaniwa walaghai.

Huenda msomaji akauliza: hayo yatuhusu nini sisi wanafasihi? Waama, yatuhusu. Kila pakiti ya data isafiriyo katika intaneti hubeba anwani ya mtumaji na ya mpokeaji. Seva ikiwa na anwani kadhaa, na programu isiseme itumie ipi, mfumo endeshi wa tarakilishi huichagulia. Linux, kwa mfano, hutazama njia ya kumfikia mpokeaji. Ikiwa njia hiyo haikupangiwa anwani maalumu, kwa kawaida huchukua anwani kuu ya mlango ambamo pakiti itatokea. Kwa anwani za IPv6, kanuni za uteuzi zilichapishwa mwaka 2003, zikarekebishwa mwaka 2012.

Kanuni hizo ni za busara, lakini mtambo hujua njia tu. Haujui nani anamwamini nani. Kwa maoni yangu, kuuachia uamuzi huo ni uzembe. Msimamizi na aifungie programu ya barua anwani moja, kisha ahakikishe kuwa imo katika orodha ya kikoa.

Hata hivyo, lawama si yake pekee. Alipotueleza tatizo, alitumia Kiingereza kitupu. Nasi, kwa kuona haya, tulitikisa vichwa pasi na kuelewa. Tulizidi kutuma barua zilezile hadi muda wa kupokea makala ukatupita. Laiti angalitwambia, "Anwani ya mtumaji imekosewa," tungaliomba irekebishwe siku hiyohiyo.

Ndugu zangu wapenzi wa Kiswahili, istilahi si pambo la kamusi. Tusipowaketia wataalamu wa tarakilishi tukawasikiliza na kuwapa maneno, kazi zetu zitaendelea kurudishwa mlangoni, nasi tusijue kwa nini.