Kula kwa Utulivu Sawa, Lakini Mahindi Yamekauka?

Jumapili moja rafiki yangu alinivuta hadi Kilimani kwenye kikao cha "kula kwa utulivu". Kiingilio shilingi 3,500, pamoja na mkeka, chai ya mchaichai na bakuli moja la muthokoi uliopambwa kwa dania kama bibi harusi. Tukaketi sakafuni. Tukaambiwa tufumbe macho, tuweke punje moja mdomoni, tuisikilize. Ndio, tuisikilize. Aliyekuwa akituongoza, dada mmoja mwenye sauti ya mtangazaji wa redio ya usiku, akasema mwili unakijua chakula kizuri, ni sisi tu tumeacha kuusikiza. Akasema vyakula vyetu vya asili havina shida, shida ililetwa na viwanda. Halafu akatoa mfano: "Angalieni watu wa Kitui na Makueni. Wanakula nafaka yao, ya shamba lao, bila kemikali, na wako wazima."

Baba yangu ni wa Makueni, mama ni wa Kitui. Kwa hivyo nilitajwa mara mbili kwa sentensi moja, na punje ikanikwama.

Mwaka wa 2004, pengine wewe ukiwa bado hujaingia nasari, watu walianza kufika hospitalini Makueni na Kitui macho yakiwa manjano, matumbo yamefura, ini limekataa kazi. Kufikia Julai 20 mwaka huo wagonjwa waliokuwa wameripotiwa ni 317. Kati yao, 125 walikufa. Karibu wanane katika kila kumi walitoka wilaya hizo mbili. Hawakuponzwa na chipsi wala soda. Walikula mahindi. Na wengi wao walikula mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyopandwa kwa jembe, yakavunwa kwa mkono, yakawekwa nyumbani. Asilia mpaka basi.

Sumu yenyewe inaitwa aflatoksini. Watanzania wanaiita sumukuvu, na kwa hili wametushinda, maana jina lao linaeleza mambo yalivyo: ni sumu inayotolewa na kuvu inayoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri. Haina ladha. Haina harufu. Kuipika hakuimalizi. Punje inaweza kuonekana safi na bado ikawa nayo. Ukila nyingi kwa mkupuo, ini linaharibika ndani ya siku chache. Ukila kidogo kidogo kwa miaka, inakuandalia saratani ya ini. Sasa hebu niambie: katika hayo yote, mwili ulitakiwa kusikia nini?

Jinsi ilivyotokea si fumbo. Mavuno yalikuwa haba, na chakula kikiwa haba mwizi hakosi. Watu wakavuna mapema, mahindi yakiwa bado na maji, wakayaingiza ndani ya nyumba wanamolala badala ya kuyaacha kwenye ghala linalopitisha upepo. Watafiti walilinganisha wagonjwa 40 na wenzao 80 wa vijiji hivyo hivyo ambao hawakuugua, na moja ya tofauti kubwa waliyoikuta ilikuwa hapo: waliougua walielekea zaidi kuwa wameweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Yaani mtu alilala kando ya gunia lake. Aliamka usiku kuligusa kama lipo. Hakuna mkeka wa Kilimani utakaokufunza kukizingatia chakula chako kuliko hivyo.

Na usidhani aliyekwenda sokoni alipona. Zilichukuliwa sampuli 350 za mahindi na unga kutoka masoko 65 ya huko. Zaidi ya nusu zilipita kiwango cha mwisho kilichokuwa kikikubalika wakati huo, sehemu 20 katika bilioni. Saba katika kila mia zilipita 1,000. Sifuri zimeongezeka mbili, si kosa la chapa. Wala haikuwa mara ya kwanza: mwaka wa 1981, Makueni ikiwa bado ndani ya wilaya ya Machakos, wagonjwa 20 walilazwa kwa sababu hiyo hiyo, 12 wakafa. Kati ya 1981 na 2004 ni miaka 23. Mtoto alizaliwa, akasoma, akamaliza chuo, na mahindi yakaua tena palepale.

Nikirudi kwa bakuli la Kilimani. Yule dada alitushauri, kwa upole sana, tusizoee muthokoi. Tule isyo badala yake, yaani githeri, kwa sababu muthokoi umekobolewa na nafaka nzima ndiyo yenye nyuzinyuzi. Kitabuni yuko sawa. Ganda la mahindi lina nyuzinyuzi na vitamini, na ukiliondoa umepoteza kitu. Lakini muthokoi si ulafi wa watu waliotaka mahindi meupe. Susu wangu (shosho, kwa wasiojua Kikamba) hulowesha mahindi kidogo, akayatwanga kwenye kinu mpaka maganda yatoke, akayapepeta, akayachagua punje kwa punje akitupa zilizooza, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu. Ndipo yachemshwe na maharagwe au na nzuu, zile mbaazi zetu. Mwaka wa 2008 watafiti wa hapa nchini walichapisha vipimo vya kazi hiyo, na ikaonekana kwamba kukoboa peke yake kunapunguza aflatoksini kwa karibu nusu, kwa wastani. Sumu nyingi hukaa kule nje, kwenye lile ganda tunaloambiwa tulisifu. (Maganda yenyewe huenda kwa kuku. Hiyo ni hadithi nyingine, na si tamu.)

Usinielewe vibaya. Sisemi muthokoi ni dawa. Mahindi yakiwa yamejaa sumu, ukiitoa nusu bado unakula sumu. Wala sisemi susu alikuwa mwanasayansi wa siri. Yeye husema anakoboa ili yaive haraka na kuni zisiishe. Ninachosema ni kwamba ushauri wa afya usiouliza mahindi yametoka wapi, yamekaa wapi na yamekauka kiasi gani, si ushauri. Ni mapambo ya bakuli.

Na yule dada si adui yangu. Nilipumua naye, nikatulia, hata usingizi wa siku hiyo ulikuwa mtamu. Mimi ni mtu wa kula mbele ya kompyuta, kijiko mkono mmoja, simu mkono mwingine, na kisukari kiko kwa ukoo wetu. Nahitaji kula polepole. Kinachonikera ni ile hesabu iliyojificha chini ya maneno matamu: kwamba afya ni tabia. Anayeila vizuri dunia ni mwenye nidhamu, mwenye kujipenda, mwenye kusoma vibandiko dukani. Basi anayeugua? Kumbe hakujipenda. Wale 125 walikosa kujipenda?

Wakamba wana desturi ya kuipa kila njaa jina. Ile ya miaka ya 1980 inaitwa Nikw'a ngwete, yaani nafa nikiwa nazo mkononi. Pesa zilikuwepo, chakula cha kununua hakikuwepo. Mtu aliyebatizwa na jina kama hilo hawezi kuambiwa kwamba kula vizuri ni uamuzi anaoufanya peke yake mbele ya rafu ya duka.

Lakini sisi nao, watu wa huko, tusijifanye malaika. Mwaka wa 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe huko kama chakula kipya. Kipya! Mibuyu ya Kibwezi imesimama hapo kabla ya babu wa babu yangu, na sisi ubuyu tumewaachia watoto wa shule wapakwe rangi nyekundu ulimini. Umoja wa Mataifa ukautangaza 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa mtama, uwele, wimbi na jamii zake, nafaka zinazovumilia ukame. Wakati huo huo nyumbani kwetu mgeni akija anapikiwa wali na chapati, na sufuria ya kunde inasukumwa nyuma ya mlango kama mtoto mwenye makamasi. Uwele ni wa mtu aliyekosa. Mtama ni wa ndege. Charity Ngilu alipokuwa gavana wa Kitui alihimiza ndengu mpaka kampeni ikapata jina la mapinduzi, na zao lenyewe linafaa ile ardhi kuliko mahindi, hilo halina ubishi. Ila kwa mjomba wangu ndengu hupimwa kwenye mizani, hupakiwa kwenye lori, na pesa yake hununua unga wa mahindi. Tunalima kinachostahimili jua na kuuza, halafu tunanunua kinachotuua. Tulifunzwa kwamba bila ugali mweupe hujala, na somo hilo tumelishika kuliko hesabu.

Ukiwa Umoja au Rongai unasoma hii ukidhani ni mambo ya mashambani, pole. Novemba 2019 shirika la viwango lilizuia chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini, unga wa dukani, wa pakiti, wenye kibandiko cha ubora. Machi 2021 serikali ikazuia mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingie kwa sababu hiyo hiyo, na mitandaoni tukawacheka majirani kana kwamba kuvu hubeba pasipoti. Siku hizi kiwango cha mwisho ni sehemu 10 katika bilioni. Kiwango kizuri. Swali ni nani anakipima kwenye posho mill ya mtaa wako, ile unayopeleka kilo mbili za mahindi uliyonunua kwa mama wa sokoni. Mimi nimeuliza kwenye posho mill tatu. Mmoja alicheka. Mmoja aliniuliza kama natoka kwa kanjo. Wa tatu akasema yeye hupima kwa jicho.

Njia za kupunguza hii sumu zinajulikana, na hapo ndipo hasira inapanda. Kuna Aflasafe, kuvu wa jamii hiyo hiyo lakini wa aina isiyotoa sumu, anayemwagwa shambani awazidi nguvu wenzake wabaya. Iliidhinishwa Kenya mwaka wa 2015 na inatengenezwa Katumani, pale Machakos, jirani kabisa. Kuna magunia yasiyopitisha hewa, ambayo bei yake ni mara kadhaa ya gunia la kawaida, na kwa mtu anayevuna magunia matatu hiyo tofauti ni karo. Kuna mashine za kukausha. Kuna turubai tu, jamani, turubai la kuanikia mahindi yasiguse udongo. Yote haya ni mambo ya bajeti ya kaunti, ya afisa wa kilimo mwenye pikipiki na mafuta, ya kipimo kwenye posho mill. Hakuna hata moja linaloletwa na kufumba macho.

Kwa hivyo ombi langu kwa wanaotufunza kula vizuri, na mko wengi, na wengine mna wafuasi kuliko magavana: siku moja, badala ya kutuonyesha bakuli, tuonyesheni gunia. Mkiwa na mgeni kwenye podikasti, awe ni afisa wa afya ya umma, mumuulize ni lini mara ya mwisho alipima mahindi ya soko lake. Mkiuza muthokoi kwa bei ya nyama, semeni ulinunuliwa kwa nani, na mahindi yake yalipimwa na nani. Wafuasi wenu hawatakimbia. Wengi wetu tumezaliwa na watu wanaoanika.

Mwezi uliopita nilimpigia susu. Kila mwaka baada ya mavuno ananitumia debe moja la mahindi kwa basi, nami huenda kulichukua Machakos Country Bus, nikigombana na mbeba mizigo juu ya shilingi hamsini. Nikamuuliza kama mzigo umetoka. Akasema bado. Alikuwa amechukua chupa ya kioo iliyokauka, akatia mahindi na chumvi kavu, akatikisa, akaiacha itulie kidogo. Alifunzwa na afisa wa kilimo mmoja aliyepita kijijini baada ya 2004 na hakurudi tena. Chumvi ikibaki chini, mahindi yamekauka. Ikinata kwenye kioo, bado yana maji.

"Imenata, mwiitu," akasema. "Na hapa kuna mawingu. Ngoja wiki mbili, nunua mchele."

Wiki mbili zimeisha jana. Nimempigia tena, na bado inanata.