Haki si Hisani

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Methali hii hutajwa Zinga, kama itajwavyo pwani yote, pindi mzazi wa mtoto mwenye ulemavu wa akili aulizwapo kwa nini mwanawe hayuko shuleni. Hutajwa ili kufunga mjadala. Lakini uchungu ni wa mzazi. Haki ni ya mtoto, na mzazi hana ruhusa ya kuisamehe kwa niaba yake.

Wako wasemao: anakula, anavaa, anapendwa, ataka nini tena? Hata kuku hulishwa. Mtoto hufunzwa: kuosha chombo, kuhesabu fedha, kuukataa mkono umgusao vibaya. Asiyefunzwa kusema "sitaki" hupendwa nyumbani, akadhulumiwa kichochoroni.

Hata hivyo, mzazi hakujizulia shaka yake. Sheria ya Mtoto ya Tanzania, ya mwaka 2009, yampa mtoto mwenye ulemavu fursa sawa ya elimu, kisha yaongeza: pale inapowezekana. Kwa maneno hayo mawili mlango umefunguliwa, na komeo likaachwa mikononi mwa wenye shule.

Basi wazazi waache kubembeleza mmoja mmoja. Unguja, jumuiya ya ZAPDD, iliyoundwa mwaka 1999, imewakutanisha wazazi wa watoto hawa. Mmoja huambiwa avumilie, hamsini hujibiwa. Kila mzazi huuliza, "Nikifa, nani atamtunza?" Aulize kwanza, angali hai, nani anamfunza.