NYUMBA NA AFYA: Funza Hamalizwi kwa Mwiba

Katika miji mingi ya bara ya Malindi na Kilifi, tangu Magarini hata Ganze, yuko mdudu mdogo kuliko kiroboto wa mbwa, ambaye urefu wake hauzidi milimita 1. Huyu ni funza, na wengine humwita tekenya. Udogo wake usimdanganye mtu. Yeye huwafanya watoto kuchechemea njiani, huwakosesha wazee usingizi, na huwazuia wengine kushika jembe. Mwaka 2017 ilichapishwa habari ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Kakuyuni na Malanga, kaunti ya Kilifi, ambako watu zaidi ya 1,000 walikaguliwa miguu na mikono. Mtu mmoja katika kila wanne alikutwa na funza.

Tena ni mdudu aliyezungukwa na maneno mengi yasiyo kweli, na maneno hayo humsaidia kuishi.

La kwanza ni kudhani kwamba funza ni ulozi, au laana ya ukoo fulani. Wenye dhana hii hutoa ushahidi kwamba mji mmoja huumwa wote, baba, mama na watoto, na mji wa jirani husalimika. Lakini sababu yake ni wazi. Walalao juu ya sakafu moja huumwa na viroboto wa sakafu moja. Na kama funza angalikuwa laana ya mababu, ingalipasa mababu wawe walimjua. Asili yake ni Marekani ya Kusini. Mwaka 1872 chombo kilichotoka Rio de Janeiro kilitia nanga Ambriz, katika nchi ya Angola, kikiwa na farumi ya mchanga, na inasemwa kwamba ndani ya mchanga huo funza alikuwamo. Toka hapo akafuata njia za misafara, akiwa nyayoni mwa wapagazi, akavuka bara zima, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa amefika pwani yetu. Basi ni mgeni aliyeletwa na chombo, wala hakuletwa na pepo.

La pili ni kusema kwamba funza ni wa watu wavivu na wachafu. Neno hili lina madhara kuliko la kwanza, kwa kuwa humtia mgonjwa haya, naye akaficha miguu yake hata vidonda vikaoza. Ni kweli kwamba kuosha miguu kwa maji na sabuni kila jioni kunasaidia sana. Lakini mama ateke maji mbali na kununua sabuni kwa shida, na nyumba yake iwe na sakafu ya vumbi, ataosha miguu ya wanawe jioni na usiku uo huo wataumwa tena. Uchunguzi wa Kilifi ulionyesha kwamba sakafu ya udongo ni miongoni mwa mambo yanayofuatana na ugonjwa huu. Ni umaskini wa nyumba kabla ya kuwa uchafu wa mtu.

La tatu, na ndilo lililoenea zaidi, ni kuamini kwamba funza akichokolewa kwa mwiba au pini, kazi imekwisha. Methali husema mwiba hutokea ulipoingilia, lakini funza si mwiba. Jike huingia katika ngozi kwa kichwa, akauacha mwisho wa mkia wake nje, apate kuvuta pumzi na kutaga. Kwa siku chache tumbo lake huvimba hata likawa kama punje ya mbaazi, nalo limejaa mayai. Anayemchokoa kwa pupa humpasua, mayai yakamwagika chini, na vipande vya mwili wake vikabaki ndani na kutunga usaha. Pini ile ile ikipitishwa kutoka mguu wa mtoto mmoja hata wa mwingine, hubeba damu na maradhi ya damu. Hata pepopunda huweza kuingia kwa mlango huo, na pepopunda huua.

La nne ni kutumia mafuta ya taa, dawa ya kuogeshea ng'ombe, au dawa ya shambani. Vitu hivi huunguza ngozi iliyokwisha kujeruhiwa, na sumu yake hupita katika vidonda ikaingia mwilini. Dawa ya mimea haikutengenezwa kwa mguu wa mtoto, wala haifai kunyunyizwa mahali anapolala.

Dawa zifaazo zipo. Kwa miaka mingi miguu imekuwa ikilowekwa katika maji yaliyotiwa potasiamu pamanganeti, ile dawa ya zambarau. Katika jaribio lililofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2014, watoto wa shule walitibiwa mguu mmoja kwa dawa hiyo, na mguu wa pili kwa mafuta yaitwayo dimetikoni, ambayo huziba matundu ya pumzi ya funza. Baada ya siku 7, funza 39 katika kila 100 walikuwa wamekufa katika mguu wa dawa ya zambarau, na 78 katika kila 100 katika mguu wa mafuta. Hakuna aliyechokolewa kwa mwiba. Mwenye funza na aende zahanati, akaulize dawa iliyopo.

Hata hivyo dawa ya mguuni peke yake ni nusu ya kazi. Mayai huanguka chini, na baada ya siku tatu au nne huanguliwa. Viluwiluwi vyake hukaa katika vumbi la nyumba, hasa pembeni na chini ya vitanda na mikeka, na baada ya majuma mawili matatu hutoka funza wapya. Ndiyo sababu viatu navyo, ijapokuwa ni vizuri, havitoshi, kwa maana hakuna alalaye na viatu. Mtoto mdogo aketiye chini huumwa hata matakoni na mikononi.

Kwa hiyo mwenye mji aanze na sakafu. Mwenye uwezo na aweke saruji. Asiye nao na aikandike kwa udongo mzuri, aishindilie iwe ngumu, na kuziba kila ufa unapotokea. Sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagiwa, ili vumbi lisitimke, na takataka zichomwe mbali na nyumba. Mbwa, mbuzi na kuku wasilale pamoja na watu, kwa sababu mbwa na mbuzi nao hushikwa na funza. Hayo yafanywe kwa bidii zaidi wakati wa kaskazi, ardhi inapokauka na vumbi kuzidi.

Tena yafanywe na majirani wote pamoja, na shule yenye madarasa ya udongo isiachwe nyuma. Mwaka 2014 Wizara ya Afya ya Kenya ilitoa mwongozo wa kuzuia funza, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliyaingiza maradhi ya wadudu wa ngozi katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Lakini mwongozo haufagii nyumba ya mtu. Mtoto aketiye nyuma ya darasa, amekunja miguu chini ya dawati ili wenzake wasiione, hahitaji kuchekwa wala kupungwa. Anahitaji dawa ya miguu yake, na sakafu isiyo na vumbi arudipo nyumbani.