Karte ihesabu miguu, si mabawa

Siku hizi, mbele ya kujenga kituo cha afya ao kuchimba kisima, wakubwa wanaomba kwanza karte. Kompyuta inagawanya inchi katika vyumba vidogo vya mraba, na kila chumba kinapewa namba: toka hapa mpaka kituo cha karibu ni kilomita ngapi? Namba ikiwa ndogo, kijiji kinaandikwa kwamba kiko karibu, na feza inaenda kwingine. Sisi hatukatai karte. Tunauliza namba hiyo imehesabiwa namna gani.

Hesabu yenyewe ni nzuri. Programu inatia alama kwenye vyumba vyenye vituo, inavipa sifuri. Halafu inatoka kwenye vyote kwa mara moja, sawa maji yanayotoka kwenye chemchemi nyingi: majirani wa sifuri wanapata 1, majirani wao 2, hivyo hivyo mpaka vyumba viishe. Ukiwa na vyumba 10,000 na vituo 20, kupima kila chumba na kila kituo ni vipimo 200,000. Kwa njia ya maji, kila chumba kinaandikwa mara moja tu.

Shida iko kwa yale programu inayoambiwa. Tuseme chumba kimoja ni kilomita 1. Nyumba iko vyumba 3 upande wa mashariki na 4 upande wa kaskazini ya kituo. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 5. Kwa kupita chumba kwa chumba, bila kukata kona, ni 7. Kama mpaka umewekwa kwenye 5, nyumba ile ile iko karibu kwa hesabu moja na iko mbali kwa ingine.

Tena, Idjwi iko katikati ya Ziwa Kivu. Mama wa kule mwenye uchungu wa kuzaa, akitumwa ng'ambo, haruki kama ndege. Anangoja bwato, na upepo ukivuma anangoja tena. Basi chumba cha ziwa kifungwe, isipokuwa pale bwato inapita, na mlima uhesabiwe kuwa mzito kuliko barabara. Hesabu ya njia zenye uzito tofauti si ya jana: Edsger Dijkstra, Mholanzi, aliitangaza mwaka wa 1959. Hakuna wa kusema haijulikani.

Na nani anatia ile alama ya sifuri? Kituo kisicho na muuguzi wala dawa, kikitiwa alama, kinapunguza namba za vijiji vyote vya pembeni. Kwenye karte watu wanapona. Kwenye njia wanabebwa kwenye tipoyi.

Kwa hiyo tunaomba wenye kutengeneza karte hizi watoe pamoja nayo orodha ya vyumba walivyotia alama na vile walivyofunga, na wakubwa wa vijiji waisome mbele feza haijagawanywa. Wao njo wanajua daraja gani lilishaanguka.