Moyo unaopapatika: joto, baridi au umeme?

Mgonjwa wa Mbagala au Tegeta akishaambiwa moyo wake unapapatika, yaani vyumba vya juu vinatetemeka ovyo badala ya kusukuma damu kwa mpangilio, ndugu huingia mtandaoni na kurudi na swali: tiba bora ya mrija ni ya joto, ya baridi au ya umeme?

Zote hufanya kazi moja. Daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena hadi ndani ya moyo, kisha huweka kovu kuzunguka midomo ya mishipa inayotoka mapafuni. Mwaka 1998 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kuwa vurugu nyingi huanzia humo. Joto huunguza nukta kwa nukta, baridi hugandisha kwa puto, na umeme wa mapigo mafupi huua seli za moyo bila kugusa sana njia ya chakula iliyo jirani. Utafiti wa 2016 kwa wagonjwa 762 haukukuta baridi ikizidiwa na joto. Ule wa 2023, kwa zaidi ya 600, haukukuta umeme ukizidiwa na hizo mbili.

Kwa maoni yangu, kuhangaikia aina ya mtambo ni kupoteza muda. Ukipata rufaa ya Temeke au Mwananyamala kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, uliza: daktari ameshafanya tiba hii mara ngapi? Na valvu zangu zikoje?

Swali la valvu ndilo letu hasa. Tafiti hizo zilifanyika Ulaya na Marekani, kwa watu ambao mapigo huvurugika na kutulia yenyewe. Huku kwetu wapo vijana ambao valvu ilibanwa na homa ya baridi yabisi utotoni, iliyotokana na maambukizi ya koo yasiyotibiwa (wazazi, koo la mtoto si la kusubiri Jumatatu). Kuunguza mishipa na kuiacha valvu hiyo ni kudeki sebule huku paa linavuja.

Wagonjwa hawa wasibadilishe wafarini kwa ushauri wa jirani. Utafiti wa 2022, uliohusisha nchi za Afrika pia, ulikuta waliotumia wafarini walifariki wachache kuliko waliopewa rivaroksabani. Hata baada ya mrija, dawa ya kuzuia damu kuganda huendelea angalau miezi miwili. Mwenye valvu iliyobana huendelea nayo, na kipimo chake cha damu.